Si kila damu ya choo ni amiba: kuishi na maradhi ya utumbo Soko la Toi



Mpwa wangu anauza viatu vya mitumba Soko la Toi, Nairobi, upande unaopakana na Makina. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, kazaliwa na kulelewa Mombasa, akapanda basi kufuata riziki, akaoa kwa Wanubi wa Kibera na sasa ni mkaazi wa huko. Hivi majuzi nilipita kumsalimu. Nyuma ya safu ya raba ametundika mfuko wa kitambaa. Nikamuuliza mna nini. Akautoa: karatasi za shashi, suruali ya akiba, chupa ya maji, na sarafu za shilingi kumi kumi zilizofungwa kwa mpira.

"Hii ndiyo bima yangu, mjomba."

Sarafu ni za choo cha kulipia. Siku mbaya huingia mara kumi na mbili, na kila anapoingia kibanda hubaki bila mwenyewe. Kuna wakati aliacha kula tangu alfajiri hadi magharibi, na wala hakuwa amefunga. Alikuwa anakimbia choo tu.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii na kalamu. Lakini familia yetu ilichukua zaidi ya mwaka kulijua jina la maradhi haya, na katika mwaka huo tulifanya makosa ambayo nyumba nyingine yaweza kuyaepuka. Ndiyo maana naandika, kwa idhini yake.

Mwaka mzima wa amiba

Mambo yalianza mapema mwaka 2022. Kwanza choo laini, kisha ute, kisha damu. Akaenda duka la dawa, akapewa metronidazoli. Ikapoa siku chache, ikarudi. Maabara ndogo ya mtaani ikaandika "amiba", akapewa tena. Mara nne alitibiwa amiba. Mara moja akatibiwa homa ya matumbo. Mwengine akamwambia ni bawasiri, akauziwa dawa ya kupaka.

Huku nyumbani Mombasa, dada alikwenda kuandikiwa kombe, akalituma kwa basi ndani ya chupa. Simlaumu, mama ni mama, na dua haina ubaya. Ubaya ulikuwa sote kuona kwamba dua na metronidazoli zatosha huku kijana akipungua kilo kumi na moja. Majirani walianza kunong'ona kuhusu UKIMWI. Alipima, hakuwa nao, lakini minong'ono haisomi karatasi ya maabara.

Jambo ambalo hatukulijua ni hili. Kuhara kunakoletwa na vijidudu kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Kukizidi wiki nne, madaktari hukuita kuhara sugu, na hapo maswali hubadilika. Jengine ni kwamba amiba inayodhuru na amiba nyengine isiyodhuru hufanana mno chini ya hadubini ya kawaida. Kwa hiyo neno "amiba" kwenye karatasi si lazima liwe ndiyo sababu ya damu unayoiona. Mtu aliyetibiwa amiba ipasavyo na bado anatoka damu hahitaji dozi ya tatu ya dawa ile ile. Ahitaji kuangaliwa utumbo kwa ndani.

Maradhi yenyewe

Madaktari huyaita kwa kifupi IBD, yaani maradhi ambayo kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utumbo. Utumbo huvimba, huwa mwekundu, hutoka vidonda na damu. Yako ya aina mbili kubwa. Kolaitisi ya vidonda hukaa ndani ya utumbo mpana peke yake: huanzia kwenye puru na kupanda juu, na hula ngozi ya ndani tu. Hii ndiyo ya mpwa wangu. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la daktari Burrill Crohn wa New York ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza mwaka 1932. Huo waweza kushika popote tangu kinywani hadi tupu ya nyuma, huingia kina kirefu cha ukuta wa utumbo, huruka sehemu nzima ukaacha nyengine, na mara nyengine hutoboa nasuri na majipu pembeni mwa njia ya haja kubwa.

Watu wa Pwani, tusichanganye na "vidonda vya tumbo" vile vya kuchoma chembe ya moyo, ambavyo kila mtu anavyo au anadhani anavyo. Hivyo vina dawa nyengine kabisa. Wala si lile tumbo la kusokota na kujaa gesi ambalo halitoi damu wala halikondeshi mtu.

Dalili hazikai tumboni pekee. Viungo huuma na kuvimba, macho huwa mekundu na kuuma yakiona mwanga, kinywa hutoka vidonda, miguuni hutokea mavimbe mekundu yenye maumivu. Mpwa wangu alikuwa na magoti yanayouma, akajinunulia diklofenaki. Kumbe dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, zaweza kuliamsha tumbo lililolala. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli ni salama zaidi.

Maradhi haya hayaambukizi. Hili nalikariri kwa sababu ndilo lililomuumiza zaidi kijana. Kuna nyumba alikaribishwa akatengewa sahani yake. Mtu mwenye IBD aweza kula sinia moja nanyi, kutumia choo kimoja, kulala na mkewe na kubeba watoto. Chanzo chake hakijulikani chote, ila ni mchanganyiko: urithi kiasi fulani, vijidudu vinavyoishi utumboni, na mazingira. Mzazi akiwa nayo, hatari ya mtoto huongezeka kidogo, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawayapati. Na si adhabu ya Mungu, wala hasadi ya mwenye kibanda cha jirani.

Zamani ilisemwa haya ni maradhi ya Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alieneza fikra kwamba maradhi kadhaa ya utumbo ni haba Afrika kwa sababu ya chakula chetu cha makapi. Yawezekana yalikuwa haba kweli. Lakini mwaka 1966 madaktari Billinghurst na Welchman walichapisha katika British Medical Journal taarifa ya Waafrika 4 wenye kolaitisi ya vidonda. Kwa hiyo huu ni mwaka wa sitini na kitu tangu iandikwe kwamba yapo huku kwetu, na bado mtu anaambiwa amiba mara nne.

Kipimo kinachoogopwa

Hospitalini, daktari mmoja alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Haya yana muda gani?" Kijana akajibu mwaka na zaidi. Daktari akaweka kalamu chini.

Kuna kipimo cha choo kiitwacho kalprotektini kinachoonesha kama utumbo umevimba. Kikiwa juu, kipimo cha kuthibitisha ni kolonoskopi: mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kwa nyuma, daktari akaangalia na kukata vinyama vidogo vya kupeleka maabara. Siku ya kabla, mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo na hushinda chooni. Hapo ndipo wengi hushindwa, hasa ambao choo chao ni cha ploti, cha milango kumi. Mpwa wangu aliomba kulala kwa shemeji yake mwenye choo cha ndani. Lipangeni hilo mapema. Wakati wa kipimo chenyewe hupewa dawa ya kutuliza, na wengi hawakumbuki kitu. Wanaume wetu wana haya na kipimo hiki. Nami ningekuwa nayo, nasema kweli, lakini nimeona haya ilivyomla mtu kilo kumi na moja.

Kwa nini wakate kinyama? Kwa sababu huku kwetu kuna kifua kikuu cha matumbo, nacho hufanana sana na ugonjwa wa Crohn: kukonda, homa, maumivu, hata vidonda vyenyewe. Dawa za hayo mawili hupingana. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa za kushusha kinga bila ya kutibiwa TB, huumia vibaya. Daktari akitaka picha ya kifua na vipimo vya TB kabla hajaandika dawa, msione anawazungusha.

Kuhusu gharama: tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na SHA imeshika nafasi yake. Usajili hufanywa kwa simu kwa *147#. Kujisajili peke yake hakutoshi kwa hospitali kubwa, lazima michango iwe imelipwa. Kabla ya siku ya kolonoskopi nendeni dirisha la SHA la hospitali hiyo hiyo mkaulize nini kinalipwa na nini ni cha mfukoni, mwandikiwe. Kwa watu wa Toi, hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta haziko mbali. Kwa Mombasa, anzeni na Coast General.

Dawa, hata ukiwa mzima

Hapa ndipo tulipofanya kosa letu kubwa. Mwaka 2023 alianza mesalazini, na baada ya miezi miwili akawa mzima. Uzito ukarudi, akanenepa mashavu. Ramadhani ya 2024 akaona mtu mzima anameza tembe za nini, na pesa zile zaweza kununua robota. Akaacha. Sote tukafurahi kwamba amepona. Septemba damu ikarudi, na safari hii ilimlaza.

Maradhi haya hayana dawa ya kuyamaliza moja kwa moja. Hulala na huamka. Tembe za kila siku ndizo zinazoyalaza. Kwa kolaitisi ya kiasi, dawa ni mesalazini au ile kongwe na ya bei nafuu zaidi, sulfasalazini. Wanaume wajue kwamba sulfasalazini yaweza kupunguza mbegu za uzazi, na mbegu hurudi dawa ikibadilishwa. Vijana waliooa karibuni wamwambie daktari badala ya kuacha dawa kimyakimya. Ziko pia za kuingiza kwa nyuma usiku, na kwa vidonda vya karibu na puru hizo hufanya kazi vizuri sana. Zinakataliwa kwa haya tu.

Maradhi yakiwaka, hutolewa prednisoloni. Huzima moto haraka, lakini si dawa ya kukaa nayo miaka: huharibu mifupa, hupandisha sukari na presha. Na hairuhusiwi kukatwa ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Baada yake, wengine huandikiwa azathioprini, ambayo yataka damu ipimwe mara kwa mara, na wengine sindano kama infliksimabu, ambazo bei yake ni kilio.

Wakati yuko kwenye kupunguza prednisoloni, ndipo moto wa Oktoba 2024 ulipounguza sehemu ya Soko la Toi. Dawa zake zote zilikuwa kibandani. Watu walikuwa wanalia mali na roho, naye akaona aibu kuulizia tembe. Siku ya pili mkewe alinipigia simu: amelala, anatapika, hana nguvu ya kukaa. Tukakimbizana. Sasa dawa hukaa nyumbani, kibandani huenda ya siku moja, na picha ya karatasi ya daktari iko kwenye simu tatu: yake, ya mkewe na yangu. Fanyeni hivyo hivyo. Soko hili lilichomwa ghasia za uchaguzi wa 2007, likajengwa, likaungua tena zaidi ya mara moja. Mfanyabiashara wa Toi hapaswi kuweka roho yake ndani ya mabati.

Habbasoda na asali, kuleni kama mlivyokuwa mkila. Mtu akikwambia zinatosha uache mesalazini, muulize atakuja kukulaza hospitali nani.

Jirani wa kibanda

Nimekwisha kusema choo. Daktari hakuandiki choo kwenye karatasi, lakini mgonjwa asiye na njia ya choo hataendelea na kazi, na asiye na kazi hatanunua dawa. Kilichombadilishia maisha mpwa wangu baada ya tembe ni mama mmoja anayeuza mashuka kibanda cha pili. Kwa muda mrefu alimficha. Akiondoka mbio, mama yule alidhani anakwepa mkusanyaji wa michango. Siku moja akamweleza kwa maneno mafupi: "Nina ugonjwa wa utumbo, hauambukizi, nikiondoka siwezi kungoja." Tangu hapo, akiinuka mama huvuta kiti katikati ya vibanda viwili. Anajua bei za raba kuliko mwenyewe. Na msimamizi wa choo alikubali alipwe kwa wiki, asisimamishwe mlangoni kutafutiwa chenji.

Si lazima umwambie soko zima. Watu wawili watosha.

Nyumbani, mke ndiye aliyebeba mzigo mzito. Yeye ndiye aliyejua hesabu ya usiku: mara ngapi ameamka, damu ilikuwa kiasi gani. Aliandika kwenye daftari la shule la mtoto, na daftari lile lilimfaa daktari kuliko maelezo yetu sote. Jengine alilofanya ni kuacha kumuuliza "umekula?" kila baada ya saa. Uchovu wa maradhi haya ni uchovu wa kweli, unaotokana na upungufu wa damu na mwili kupigana wenyewe. Si uvivu. Na huzuni huja nao. Akianza kujitenga, akawa hataki hata mpira wa televisheni, mwambieni daktari hilo pia.

Sahani na saumu

Hakuna chakula kinachoponya IBD na hakuna kimoja kilichoileta. Wakati tumbo limewaka, wali laini, uji wa mchele, samaki wa kuchemsha, ndizi mbivu na supu hupita vizuri, na pilipili, achari na maziwa huwasumbua wengi. Mwenye Crohn aliyebanwa utumbo ajihadhari na githeri, mahindi ya kuchoma na nyuzi za maembe, kwa sababu zaweza kuziba. Tumbo likilala, rudi kwenye chakula cha kawaida. Nimeona wagonjwa wanaojikataza kila kitu hadi wanabaki na chai na mkate, wakakonda kwa njaa na wala si kwa maradhi. Sigara huuchochea ugonjwa wa Crohn, hilo halina mjadala.

Ramadhani huleta maswali mengi kuliko dawa. Mgonjwa ana ruhusa ya Mwenyezi Mungu ya kula na kulipa siku nyengine, iko wazi katika Suratul Baqara, na asiyetarajia kuweza kulipa ana fidya. Wakati wa kutoka damu kufunga ni kujidhuru. Tumbo likiwa limelala, wengine hufunga kwa ushauri wa daktari. Mesalazini aghalabu yaweza kupangwa mara moja kwa siku, wakati wa daku, na ya kuingiza ikawekwa usiku.

Udhu ndio uliomsumbua zaidi kijana. Aliacha kwenda msikitini miezi kadhaa kwa kuhisi hana tohara. Masheikh wetu wa madhehebu ya Shafii wana mlango wa mwenye udhuru usiokatika: hujisafisha, hujifunga, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, husali bila ya kuchelewa, na kinachotoka baadaye hakimbatilishii. Aliyekatwa utumbo akawekewa mfuko tumboni naye ana hukumu yake. Muulizeni imamu wenu faraghani. Mpwa wangu aliuliza Makina, akajibiwa kwa dakika tano jambo lililomtesa nusu mwaka.

Usingoje kliniki ya mwezi ujao

Choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku pamoja na homa au moyo kwenda mbio, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika kila kitu, kizunguzungu ukisimama, au jipu lenye usaha karibu na njia ya haja: hayo ni ya kwenda hospitali leo, usiku huu. Msimpe tembe za kufunga kuhara kabla ya kuonwa. Katika shambulio kali zaweza kuufanya utumbo upanuke na kupasuka. Upasuaji upo, na si mwisho wa dunia. Kuondolewa utumbo mpana wote humwondolea mtu kolaitisi yake. Kwa Crohn, upasuaji husaidia lakini maradhi yaweza kurudi pengine.

Liko moja la mwisho ambalo daktari alitusisitizia. Kolaitisi iliyokaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na kwa hiyo baada ya miaka minane hivi tangu dalili kuanza, mgonjwa hufanyiwa kolonoskopi ya uchunguzi hata kama hana shida yoyote, kisha hurudia kwa vipindi atakavyopangiwa. Kwa mpwa wangu hesabu yaangukia 2030. Mkewe ameuandika mwaka huo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati, chini ya tarehe za chanjo za mtoto.